Kaye za Prefe

Katika kambi ya Gasorwe kila nyumba ina mfuko wake. Mgeni hauoni, kwa sababu hautundikwi ukutani wala hauwekwi mezani. Uko chini ya mto, au umefungwa katika kitenge cha mama, au umechomekwa kati ya fito na shitingi ya paa. Ndani yake mna cheti cha mkimbizi, karatasi yenye majina ya watu wa familia, karte ya posho, buletini (ripoti za shule) za watoto, cheti cha ubatizo, na pengine hati ya kiwanja cha Uvira au Fizi ambacho mwenyewe hajakiona tangu alipovuka Mto Rusizi kuja Burundi. Moto ukishika nyumba ya jirani usiku, mzazi wa Gasorwe humbeba mtoto kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono wa pili. Godoro linaachwa liungue.

Niliishi hapo na kufundisha kwa miaka mingi. Kambi ilifunguliwa mwaka 2002 katika komini ya Gasorwe, mkoani Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, kwa ajili yetu Wakongo tuliokimbia vita vya Kivu. Wengine huiita Kinama. Mwaka 2025 Burundi ilibadili ramani yake, mikoa 18 ikawa mitano, na Muyinga ikaingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini sisi tuliozoea bado tunasema Muyinga. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, yenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope mekundu mvua inaponyesha. Vumbi na matope huharibu karatasi. Nilikuja kujua kwamba huharibu kompyuta upesi zaidi.

Habari ninayoileta hapa ni ya kompyuta moja ya shule, na ya watu waliokuwa mabingwa wa kutunza mfuko wakausahau ubingwa wao siku walipoletewa mashine.

Ubingwa huo ulikuwa na kanuni zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Mama mmoja jirani yangu aliweka karatasi zake halisi katika kopo la maziwa ya unga, akaliziba mfuniko kwa nta ya mshumaa ili mvua na mchwa visiingie. Fotokopi moja ilikaa kwa dada yake, upande wa pili wa kambi, na nyingine kwa mchungaji. Nilimuuliza kwa nini asimpe mwanawe mkubwa aliyelala chumba cha pili. Akanijibu kana kwamba ameulizwa na mtoto: “Mwalimu, nyumba ikiungua, chumba cha pili kitabaki?”

Hakusema hivyo kwa kubahatisha. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ilishambuliwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, na mahema yakatiwa moto. Waliosalimika walitoka na nguo walizovaa. Mmoja wao aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kila ofisi aliyoingia tangu siku hiyo ilimdai karatasi iliyoungua usiku ule. Aliwazika watu wake, kisha akatakiwa kuthibitisha kwamba walikuwa watu wake.

Kwa hiyo ukimwambia mkimbizi habari za kuhifadhi data, unamfundisha samaki kuogelea. Shida ni kwamba data ya kompyuta haionekani. Haishikiki, hailowi, haina uzito wa kukukumbusha kwamba unaibeba. Watu wasioweza kulala bila kujua mfuko uko wapi walilala usingizi mzito huku pointi za watoto mia kadhaa zikiwa mahali pamoja tu, ndani ya sanduku la bati lenye taa ya kijani.

Shule yetu ya sekondari ilifuata programu ya Kongo, kama shule za kambi za Wakongo nchini Burundi zinavyofanya, ili mtoto akirudi nyumbani asianze upya, na wanafunzi wa darasa la sita wafanye Mtihani wa Taifa wa Kongo. Mtihani huo haumjali mtu asiye na faili. Mkaguzi anataka buletini za madarasa yaliyotangulia, na majina yaandikwe vilevile kila mwaka, herufi kwa herufi. Mtoto aliyesoma kwa miaka sita lakini hana pointi za mwaka wa tano, mbele ya mkaguzi ni mtoto ambaye hakusoma.

Shirika moja lilipotuletea kompyuta mbili, printa, paneli za sola na betri zake, tulifurahi kwa haki kabisa. Buletini zilizokuwa zikituchukua usiku kucha zilitoka zimechapwa, safi, hata majina ya wazazi yamenyooka. Mwalimu mmoja kijana alifanywa sekretari na akaifanya kazi vizuri. Aliyegoma kubadilika alikuwa mtu mmoja, naye ni prefe wetu, yaani mkuu wa shule, mzee wa Uvira aliyeongoza shule tangu zamani, kabla ya vita. Kila mwisho wa muhula alikaa na kaye zake, yaani daftari, moja kwa kila darasa, akaandika pointi zote kwa mkono, karatasi ya kaboni chini yake. Nakala ya kaboni alimpelekea mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Walimu vijana walimcheka.

“Papa Prefe, kazi hiyo imeisha. Mashine inakumbuka.”

“Inakumbuka ikiwa na umeme, mwanangu. Mimi nakumbuka hata nikiwa na njaa.”

Alikuwa mgumu, na si kila ugumu wake ulikuwa wa hekima. Alikataa pia vikokotoo na vitabu vyenye majibu nyuma. Lakini kwa hili la kaye alikuwa sahihi, na hakuna aliyejua.

Kompyuta ya kwanza ilikufa kimyakimya, vipande vyake vikahamishiwa kwa mwenzake, kama tunavyofanya kila mahali. Hapo ndipo palipaswa kuwa na kengele, maana vitu viwili vilikuwa vimegeuka kimoja, lakini kazi iliendelea na watu wakaona mambo yako sawa. Betri za sola nazo zilikuwa zimezeeka. Betri za asidi za namna ile hutaka maji yaliyosafishwa yaongezwe kila mara, na katika joto na kazi ya kila siku hazidumu. Baada ya miaka michache zinajaa upesi na kuisha upesi zaidi. Kile kisanduku cha kuhifadhi umeme kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta kilikuwa kimechomolewa siku nyingi kwa sababu kilipiga kelele umeme ukiyumba. Kelele ile ndiyo ilikuwa kazi yake.

Ikaja wiki ya kuandikisha watahiniwa. Mawingu yalifunika vilima, betri zikakataa, ikaletwa jenereta ya kuazima. Mtu alipoivuta kamba, taa ya ofisi iliwaka kwa mwanga ambao hatujawahi kuuona, nyeupe kabisa, kisha ikapasuka. Kompyuta ilizimika. Sekretari aliiwasha tena, ikaanza, ikakwama. Akaizima, akaiwasha. Mwalimu wa fizikia akajaribu. Mtoto wa jirani aliyejulikana kwa ufundi wa redio akajaribu. Kutoka ndani ilisikika sauti ndogo, tik, tik, tik, kama kucha inayogonga kioo.

Katika mji wa Muyinga fundi wa kwanza aliitazama dakika chache, akasema dawa yake ni kupiga fomati, kesho yake itafanya kazi. Hakudanganya. Kompyuta ingefanya kazi, ila ingekuwa haina kitu. Tangu siku hiyo nimeona mara nyingi kwamba data hufa zaidi kwenye matengenezo kuliko kwenye ajali. Mwenye kifaa analilia kilichomo ndani, fundi anadhani analilia kifaa, na kila mmoja anajiona ameelewana na mwenzake. Kabla hujamkabidhi fundi simu au kompyuta, mwambie kwa maneno mafupi unachotaka kipone. Kama hakuelewi, chukua kifaa chako uondoke.

Mwenzetu mmoja alimjua fundi wa Gitega. Niliomba kibali cha kutoka kambini, tukaichomoa diski, tukaifunga katika sweta, nikapanda Probox ya kupitia Karuzi tukiwa tumebanana kama ilivyo desturi, diski mapajani. Wakati huo Gitega, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, ulikuwa bado haujafanywa makao makuu ya siasa, heshima uliyoipata mwaka 2019. Ulikuwa mji mtulivu wa mwinuko, wenye baridi ya asubuhi, na mafundi wake walikaa kwenye vijiduka vya kandokando ya soko.

Fundi alikuwa Mrundi aliyekulia mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, Kiswahili chake kikiwa kizuri kuliko changu. Aliichukua diski, akaiunganisha na umeme kwa muda mfupi sana, akaitegea sikio, akaichomoa.

“Mwalimu, tangu iharibike mmeiwasha mara ngapi?”

“Wengi wamejaribu.”

“Basi kila aliyejaribu alikuwa anaikwangua.”

Akanionyesha diski nyingine iliyofunguliwa, aliyoiweka dukani kwa ajili ya watu kama mimi. Ndani mna sahani ngumu zinazong’aa, ambazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea, ambacho hakigusi sahani; kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, katika nafasi ndogo mno kiasi kwamba chembe ya vumbi kwake ni mlima. Umeme ukikatika vizuri, mkono hurudi pembeni. Umeme ukija kwa kishindo, au diski ikitikiswa ikiwa kazini, kichwa kinaweza kuanguka juu ya sahani na kuchuna ule utando wa sumaku ambao ndio kumbukumbu yenyewe. Sauti ya tik tik ni mkono unaotafuta njia yake na kuikosa, ukirudi mwanzo na kujaribu tena. Kuiwasha tena na tena ni kumpa mgonjwa aliyevunjika mguu amri ya kukimbia.

Alichukua muda wa siku nzima kuokoa humo kile alichoweza. Tulipata barua za zamani za kuwaita wazazi kwenye mikutano, fomu tupu, na nyimbo za kwaya ya shule. Pointi hazikuwamo. Aliniambia kwamba kuna maabara zenye vyumba visivyo na vumbi ambako wanafungua diski kama hizi na kuhamisha vichwa, lakini ziko mbali, na bei yake ni ya mabenki, si ya walimu. Alidai malipo ya nusu siku tu. Namkumbuka kwa heshima, zaidi kwa sababu alijua mwisho wa uwezo wake na akasema.

Nilikuwa pia na fleshi ya sekretari, ile ambayo kila mtu aliiita akiba. Tulipoichomeka, majalada yote yalionekana kwa majina yake, lakini kila moja likibofywa halifunguki. Fundi akacheka kwa huzuni. Ilikuwa imeingizwa kwenye kompyuta za sibakafe mjini Muyinga, na huko ikapata kirusi kilichoenea sana Afrika Mashariki miaka ile, kile kinachoficha majalada halisi na kuacha mahali pake vivuli vyenye majina yaleyale. Watu wengi walifuta fleshi zao wakidhani zimekwisha, kumbe faili zilikuwa bado mle ndani, zimefichwa tu. Fundi alizifungua kwa kompyuta yake yenye Linux na zikatokea. Ila za mwisho zilikuwa za muhula wa kwanza. Sekretari aliendelea kuichomeka kila Ijumaa, akanakili, akaona majina, akaridhika. Hakuna aliyewahi kujaribu kuifungua faili moja kutoka katika ile fleshi.

Nilirudi Gasorwe na nusu ya mwaka. Nusu ya pili ilikuwa kwa Papa Prefe.

Tulikaa katika darasa lililo karibu na ofisi, kompyuta ndogo ya kuazima mezani, kaye zimefunguliwa. Mmoja anasoma jina na pointi kwa sauti, wa pili anaandika, wa tatu anafuata kwa kidole katika nakala ya kaboni iliyoletwa na mwenyekiti wa wazazi. Papa Prefe alikaa pembeni bila kusema neno, jambo lililotuuma kuliko kama angetusimanga. Katikati ya kazi tuligundua kitu ambacho hatukukitarajia. Kwa muhula wa kwanza, ambao tulikuwa nao pande zote mbili, kaye na fleshi hazikukubaliana. Wasichana wawili wa darasa la tano, wenye jina moja la ukoo, walikuwa wamebadilishana pointi ndani ya kompyuta. Yule mwenye akili zaidi alikuwa ameandikwa ameshindwa hesabu. Buletini ilikuwa imeshatoka, mzazi ameshamkaripia, na msichana mwenyewe alikuwa amekubali kwamba ameshindwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa imechapwa.

Hilo ndilo lililonibadilisha zaidi ya kifo cha diski. Nilikuwa nadhani nakala ya pili ni ya kungoja msiba. Kumbe nakala ya pili, ikitengenezwa na mkono mwingine, kwa njia nyingine, ni shahidi. Nakala kumi zilizotolewa kutoka kwenye faili moja yenye kosa ni kosa lilelile mara kumi. Kaye ya mzee ilitoka moja kwa moja kwenye karatasi za mitihani, haikupitia kwa sekretari, ndiyo maana iliweza kumsahihisha.

Watahiniwa waliandikishwa. Kwa ofisi, mambo yaliishia hapo, na ripoti ikasema hakuna kilichopotea.

Kilipotea. Kwa miaka kadhaa mwalimu mmoja wa Kifaransa aliwatuma wanafunzi wakati wa likizo waende kwa wazee wa kambini, wakusanye hadithi: za Wafuliru, za Wabembe, za Banyamulenge, za Wavira, jinsi kila kilima kilivyopata jina, nani alioa kwa nani, mwaka gani ng’ombe walikufa, nyimbo za kuvuna. Wanafunzi waliandika kwa Kiswahili au kwa lugha ya mzee mwenyewe. Sekretari alizichapa jioni baada ya kazi za shule, kwa hiari yake, na karatasi za wanafunzi, kwa kuwa tayari “ziko ndani ya mashine”, zikatumika kuwashia moto jikoni au kufungia karanga. Papa Prefe hakuzinakili kwenye kaye. Mkaguzi hakuwahi kuzidai.

Sasa wengi wa wazee wale wamelala katika makaburi ya Gasorwe. Nikifikiria data muhimu siku hizi, sifikirii pointi kwanza. Pointi zina watu wa kuzilinda kwa sababu zina ofisi ya kuzidai. Wajibu wenyewe huzaa nakala. Hatarini zaidi ni kile ambacho hakuna mtu atakayekupigia simu kukiulizia.

Kuna anayesema haya ni matatizo ya kambi, ya jenereta za kuazima. Mfanyabiashara mmoja wa Muyinga alikuwa na mali katika soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Aliniambia kuwa bidhaa alizisahau baada ya mwaka, lakini daftari la watu aliowakopesha hajalisahau hadi leo, maana wadeni wake nao walilisahau. Na tuseme soko ni soko. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba akiba ya data zao ilikuwa katika eneo lilelile. Ni chumba cha pili cha nyumba ileile, alichokikataa jirani yangu mwenye kopo la maziwa. Septemba 26, 2025, huko Daejeon, Korea Kusini, nchi inayotuuzia simu, betri za lithiamu zilishika moto katika kituo cha data cha serikali. Terabaiti 858 za faili za watumishi wa umma zikapotea, kwa kuwa mfumo ule ulionekana mkubwa mno kuwekewa nakala. Sikufurahi kusikia, ila nilimkumbuka Papa Prefe na kaboni yake.

Wataalamu wana kanuni waliyoipata kwa mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyewaandikia wapiga picha wenzake: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Ni kanuni nzuri. Kopo, dada na mchungaji.

Lakini “mbali” nako kuna matatizo yake. Burundi haina bahari. Intaneti yetu hupita kwa majirani hadi kwenye kebo zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, na tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, nchi nyingi za ukanda huu zilijikuta zinatambaa. Anayehifadhi kila kitu mtandaoni siku hiyo alikuwa nacho na hakuwa nacho. Wazanzibari wanalijua somo hili kwa upande wa umeme: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya hitilafu ya kebo inayotoka Bara. Kinachotegemea waya mmoja kina siku yake, na siku hiyo haiombi ruhusa. Ndiyo maana nashikilia kwamba nakala moja lazima isomeke bila mtandao na bila umeme. Kwa mambo machache ya msingi, hiyo ni karatasi.

Sasa nigeuze upande wa pili, ambao wauzaji wa fleshi hawauzungumzi. Yuleyule mama wa kopo la maziwa, mfanyakazi wa mradi mmoja alipokuja na tableti kuorodhesha familia, makabila na vijiji walikotoka, alikataa katakata kutaja kijiji. Wenzake walimwona mshamba. Yeye alitoka katika eneo ambako orodha ya majina iliyosomwa na mtu asiyefaa iliwahi kuua. Katika Maziwa Makuu hatuhitaji kukumbushwa: mwaka 1994 nchini Rwanda, neno moja ndani ya kitambulisho lilitosha kumfikisha mtu kaburini. Hofu ya kupoteza data na hofu ya kupatikana kupitia data ni mapacha, na ukimlisha mmoja sana, wa pili anakuwa mkubwa. Kila nakala mpya ni mlango mpya.

Mama yule hakuwa na habari za Geneva, lakini Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao huko, ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na majanga, na waliopotea. Ni watu kama sisi hasa. Huko hakukuwa na diski iliyokwaruzwa. Data ilikuwa salama kabisa, ila mikononi mwa wengine pia. Kwa hiyo mtu akiniuliza anakili nini, namuuliza kwanza kipi hakipaswi kuandikwa. Picha ya buletini ya mtoto haimdhuru mtu. Orodha ya mashahidi wa mauaji, yenye namba za simu, ikae kwa mtu mmoja au wawili wanaoaminika, imefungwa kwa nywila, au isiwepo kabisa.

Sasa naishi Gitega, na watu wa kambini hunitafuta kwa mambo haya, ingawa mimi si fundi. Ninachowafanyia ni kidogo. Tunapiga picha karatasi mlangoni, mwanga wa asubuhi, bila kivuli cha simu, kila kona ionekane. Jina la faili linaanza na mwaka, kisha jina la mwenye karatasi, kwa maana picha yenye jina la tarakimu kumi na nne haitapatikana siku ya haraka. Tunaituma kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na muhuri hausomeki. Inakwenda kwa ndugu wawili, mmoja akiwa nje ya ukanda huu. Wengi wana mtu Marekani, Kanada au Australia aliyepata uhamisho kabla milango haijafungwa. Nywila ya barua pepe tunaiandika kwenye karatasi inayoingia katika mfuko, pamoja na vyeti. Wataalamu watakunja uso, lakini nimeona watu wengi waliopoteza akaunti kwa kusahau kuliko kwa kuibiwa. Kisha namwomba ampigie ndugu mmojawapo, amwambie aifungue ile hati na asome kwa sauti namba iliyo juu. Hapo tu ndipo ninapoamini kwamba imefika.

Mwanzoni mwa 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka Rusizi kuingia Cibitoke, wengi wakalazwa uwanja wa mpira wa Rugombo, na wengine wakapelekwa Musenyi, kusini mashariki. Tulipokuja sisi, tulikuja na mifuko. Wao wengi wamekuja na simu: diploma, cheti cha ndoa, picha ya marehemu baba, vyote viko mle, nyuma ya kioo kilichopasuka na betri yenye asilimia tatu. Ukimpokea mmoja wao, kabla ya kumuuliza habari za vita, mchajie simu, kisha mkae mtoe vilivyomo humo viende kwa watu wawili anaowataja yeye mwenyewe.

Na kwenu mliosoma Gasorwe miaka ile, popote mlipo sasa, Bujumbura, Nairobi au Kentucky: kama ulimwandika mzee hadithi yake wakati wa likizo na ukabaki na rasimu, hata ukurasa mmoja ulioliwa na mchwa pembeni, usiitupe. Ipige picha, mtumie mwenzako uliyesoma naye, umwombe ainakili kwa mkono.